Usiniulize kaliba, nionyeshe kichwa cha risasi

Kila mteja mpya wa uwindaji akishuka kwa gari hapa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, stori ya kwanza ni kaliba. Huyu amebeba .375, yule .416, mwingine amekuja na .300 magnum na anasema huko kwao ameua nayo kila kitu, jioni wakikaa kwa moto wanabishana mpaka posho inapoa. Mi nawasikiliza kwa heshima, ni wageni wetu. Lakini kazi yangu ni traka, yaani mfuata nyayo, na mnyama akianguka ndio mimi pia nachuna, kwa hivyo nimeona ndani ya nyama vitu ambavyo aliyepiga haoni kabisa, yeye saa hiyo yuko kwa picha. Na ninachotaka kusema leo ni hiki: kaliba inakuambia upana wa mtutu, basi. Kama nyati atalala pale karibu ama tutamfuata kwenye miiba mpaka jua lizame, hiyo inaamuliwa na vile kichwa cha risasi kimetengenezwa.

Kwa wale hawajawahi kushika: risasi nzima ina ganda, fataki kwa kitako, baruti ndani, na mbele kuna kichwa ambacho ndicho kinaruka. Hivyo vingine vyote kazi yao ni kusukuma kichwa, vikimaliza baruti imeungua na ganda linabaki kwa bunduki. Kinachomfikia mnyama ni kichwa peke yake, sasa unawezaje kubishana saa mbili kuhusu bunduki na usiseme hata neno moja kuhusu kichwa?

Kichwa cha kawaida ni madini ya risasi (lead kwa Kiingereza) yaliyovalishwa koti la shaba. Zamani hakukuwa na koti, ni madini matupu, laini, na ilikuwa sawa kwa baruti ya moshi yenye mwendo wa polepole. Kasi ilipoanza kupanda madini yakawa yanachubuka na kubaki kwenye mifereji ya mtutu, ndio maana Mswisi mmoja Eduard Rubin mwaka 1882 akaja na koti la shaba. Hapo ndipo mambo yakagawanyika njia mbili. Koti likifunika pua yote kichwa hakifunguki, kinatoboa na kuendelea, hiyo ndio familia ya solidi. Pua ikiachwa wazi, madini yakikutana na nyama yanasukumwa nyuma, koti linapasuka na kichwa kinafunguka kama uyoga, upana unakaribia mara mbili, hiyo ndio softi. Waingereza walitengeneza za kufunguka pale kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta miaka ya 1890, na mwaka 1899 kule Hague nchi zikakubaliana zisitumike vitani. Kwa uwindaji sisi ndio tunazitaka hizo hizo, manake jeraha pana kwenye mapafu linamuua mnyama haraka na haliachi ateseke siku mbili porini.

Sasa shida yote ya kutengeneza kichwa iko hapa. Kikifunguka sana kinakata pana lakini kinasimama mapema, kisipofunguka kinaenda mbali lakini kinaacha kashimo kembamba. Upana na kina vinagombania nguvu ile ile moja. Kila fundi aliyewahi kutengeneza kichwa cha kuwindia alikuwa anatafuta mahali pa kusimama kati ya hivyo viwili, na hakuna mahali pamoja panapofaa kwa wanyama wote, yule swala mdogo taya na pofu na nyati.

Afu kuna kasi, na hapa wageni wengi hawanielewi mpaka niwaonyeshe. Chukua .300 magnum na kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito, karibu 15 ndio gramu moja), kinatoka mtutuni kwa kasi ya kama futi 2950 kwa sekunde. Kichwa laini cha kawaida kimepangiwa kufunguka vizuri kule mbali, mita 250 hivi, kasi ikiwa imeshuka sana. Sasa kobu dume, swala wa huku, akatokea nyuma ya kichuguu mita 40 tu, kasi karibu yote bado iko, mteja anapiga bega. Kichwa hakifunguki, kinalipuka. Mi ndio nitakuja kuona chini ya mkwaju tukishamning'iniza: ukivuta ngozi bega lote jeusi, damu imevilia kati ya ngozi na musuli upana wa viganja viwili, ukipitisha kidole kinakwaruzwa na vipande vya koti vimejikunja kila upande, na vipande vya mfupa vimechanganyika humo humo na madini. Nyama ya bega nzima inatupwa. Halafu unafungua kifua, unakuta kipande kimoja tu kidogo ndio kimefika pafu la mbele, lile la pili zima kabisa, la pinki, halijaguswa. Kobu si mnyama mkubwa, kwa hivyo alikufa. Lakini piga bega la nyati kwa kichwa cha aina hiyo uone.

Nyati wetu wa Uganda ni mdogo kidogo kuliko wale wa kusini, ila asikudanganye mtu, bega ni bega. Kuna ngozi nene, kuna tope limekauka juu yake, kuna musuli, kuna mfupa wenyewe, halafu mbavu pana zilizokaribiana, ndio ufike mapafu. Moyo uko chini, kati ya miguu ya mbele, wengi wanapiga juu mno kwa sababu wanaangalia mgongo. Na akigeuka akikuonyesha nyuma akikimbia kichwa lazima kipite kwanza tumbo, na tumbo la nyati ni nyasi mbichi zilizoshindiliwa na maji, zinasimamisha kichwa kuliko watu wanavyodhani. Nimetoa softi nyingi humo kwenye nyasi, zimefunguka vizuri, nzuri kwa kuangalia, na hazikufika popote.

Kuna mteja alikuja na .375, bunduki safi kabisa, lakini ndani amejaza vichwa vyepesi vya kawaida, vya kuwindia wanyama laini, kwa sababu vilikuwa bei nafuu na vinapiga teke kidogo. Hakuna aliyefungua boksi kuangalia, waliangalia kaliba wakasema sawa. Alimpiga nyati dume bega, mahali pazuri, mi niliona vumbi likiruka kwa ngozi na mlio ukarudi ule wa kugonga mfupa. Nyati akayumba, akaingia kichakani. Tukasubiri, tukaingia. Damu ilikuwa tone hapa, tone kule kwenye jani la juu, nyekundu ya kawaida haina povu. Povu la pinki ndio unalitaka, hilo ni la mapafu, ukiliona unatembea na moyo mtulivu. Nyekundu nzito hivi ikikauka upesi ni ya musuli. Ikiwa nyeusi ni ini, na ukiona kijani na harufu ya nyasi hapo unajua siku itakuwa ndefu. Hii ilikuwa ya musuli, nikamwambia piechi, yaani PH, mwindaji mtaalamu anayeongoza mteja, boss huyu hajaumia ndani. Tulikuwa watatu mbele, mimi, piechi na afande wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na miiba ya huku mnaijua wale mliopita, unaona mita tano. Nyati alikuwa amegeuka akarudi kwa njia yake mwenyewe akasimama pembeni anatusubiri. Piechi alimmaliza kwa solidi mbili, na ya kwanza iliingia kifuani mbele ikapita mpaka nyuma kabisa. Jioni nikafungua lile bega. Kile kichwa cha kwanza kilikuwa kimesambaa juu ya mfupa, koti peke yake, madini peke yake, mfupa umepata ufa lakini haukuvunjika. Risasi moja ya bei nafuu na watu watatu wangeweza kubaki kichakani.

Hii si habari mpya lakini. Mwaka 1946 John Nosler, Mmarekani, alikuwa anawinda moose, kulungu mkubwa sana wa kaskazini, kule British Columbia, Kanada, na .300 H&H, vichwa vikawa vinapasuka kwenye bega lenye tope bila kuingia ndani. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: chumba cha mbele madini laini yafunguke, chumba cha nyuma madini yamefungiwa hayaendi popote. Mbele ikifunguka na hata ikimwagika yote, nyuma inaendelea kusukuma. Kufikia 1948 alishakuwa na kampuni, na kichwa hicho, jina lake Partition, mpaka leo watu wanakitumia. Ukiitoa kwa mnyama imepoteza kama theluthi moja ya uzito, inatisha kuitazama, lakini ile sehemu ya nyuma imepita kila kitu.

Wengine wakaenda njia ya kugandisha madini na koti yawe kitu kimoja, yaani bondedi. Hapo koti haliwezi kuachana na madini hata kwenye mfupa. Kampuni ya Swift kwenye kichwa chao A-Frame wameunganisha mawazo yote mawili, ukuta katikati na mbele imegandishwa. Mi nina mapenzi na hizi kwa nyati, nasema wazi. Mara nyingi unazikuta upande wa pili wa mnyama chini ya ngozi tu, kwa sababu kichwa kikishafunguka ngozi ya upande wa kutokea inavutika nacho halafu inakizuia. Ukipapasa mbavu za upande ule unasikia uvimbe mgumu, unapasua kidogo na ncha ya kisu, kinadondoka kiganjani. Kitako bado kina alama za mifereji ya mtutu, zimelala vizuri, na mbele imekunjika kurudi nyuma mviringo mzima. Nina kimizani kidogo cha wale wanunuzi wa dhahabu wa huku Moroto, navipima vyote. Greni 300 ni kama gramu 19.4 ikiwa mpya, na bondedi nzuri ikitoka kwa nyati nasoma 17 na kitu. Ya kawaida iliyopiga mfupa nimesoma mpaka 8. Mteja akiona namba hizo mbili pamoja mezani hatabisha tena kuhusu kaliba usiku huo.

Mtu atasema, si mpige solidi tu tangu mwanzo? Kwa nyati aliye peke yake inawezekana. Lakini nyati hukaa kundi, solidi itapita huyu iingie kwa mwingine nyuma ambaye hata hukumuona, sasa una majeruhi wawili na leseni ya mmoja. Ndio maana wazee wa kazi hii wanaweka ya kufunguka kwanza, halafu chini kwenye magazini solidi tupu, kwa sababu baada ya mlio wa kwanza nyati anakuonyesha makalio na hapo unahitaji kina. Na kwa wanyama wadogo solidi ni ukatili kabisa, inaingia inatoka, kashimo kadogo ngozi inajifunga, pongo anakimbia na damu inabaki ndani. Traka unaachiwa nyayo tu.

Ata solidi zenyewe hazifanani. Kuna za koti la chuma juu ya madini, Woodleigh wa Australia wanajulikana kwa hizo, na kuna za shaba ama brasi tupu zilizochongwa kipande kimoja. Na angalia pua. Pua ya mviringo ikikutana na mfupa kwa pembe inaweza kupinda njia, pua bapa inakwenda moja kwa moja zaidi na inakata pana kidogo. Nikiwa mbele ya mtu mwenye bunduki kichakani, naomba awe na pua bapa.

Kwa kuwa tuko Karamoja lazima mtu ataje Bell. Walter Bell, yule walimuita Karamojo Bell, mwanzoni mwa karne iliyopita alipita hapa kwetu akaua tembo wengi mno, na wengi wao kwa .275 Rigby, kaliba ndogo ambayo leo mtu hataibeba kwa nyati. Wageni wanapenda kusema mnaona, kaliba ndogo inatosha! Wanaacha nusu ya habari. Bell alikuwa anatumia solidi, greni 173, ndefu na nyembamba, na alikuwa anajua ubongo wa tembo uko wapi kutoka kila upande mpaka alichana mafuvu kujifunza. Kichwa kirefu chembamba kisichofunguka, kikiwa na uzito mkubwa kwa upana wake, kinaingia ndani sana. Mpe Bell huyo huyo softi katika .275 hiyo hiyo na sidhani angefika Karamoja mara ya pili. Kwangu mimi habari yake inathibitisha ninachosema, kaliba ilikuwa ndogo na kichwa kilikuwa sahihi. Na tembo hatuwindi leo Uganda, niliweke hilo wazi, wala sitaki.

Sasa nije kwa shaba tupu, kwa sababu hapa nina jambo zito zaidi ya kuua haraka. Miaka ya 1980 Randy Brooks wa kampuni ya vichwa ya Barnes alifikiria aondoe madini ya risasi kabisa, kichwa chote kiwe shaba, na shimo puani. Nyama yenye maji ikiingia kwenye shimo inakipasua kwa petali nne, na hakuna madini ya kumwagika, kinabaki na uzito karibu wote. Zipo kasoro. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hivyo kwa uzito ule ule kichwa kinakuwa kirefu, kinakula nafasi ya baruti, na mtutu wenye mifereji ya msokoto wa polepole unaweza kushindwa kukituliza hewani. Ndio sababu wengi wanashuka uzito, kwenye .375 wanapiga greni 270 badala ya 300, na hakuna ubaya kwa vile hakipotezi kitu njiani. Pia kinataka kasi, ikishuka sana, chini ya futi 1800 hivi kwa aina nyingi, petali zinaweza zisifunguke na unakuwa umepiga solidi bila kujua. Kwa hivyo usikipeleke mbali sana.

Lakini fikiria nyama inakwenda wapi. Uwindaji wa kitalii hapa ulifungwa 1979 ukarudi kwa majaribio mwaka 2001 kule Ziwa Mburo, na wazo lote ni kwamba watu wanaoishi na wanyama wapate faida. Mteja anachukua pembe na ngozi, nyama inabaki kijijini. Na nani anakula zile za pembeni ya jeraha, zile nyeusi ambazo mpishi wa kambi hazitaki? Watoto. Kichwa cha madini kikipasuka kinaacha vumbi la madini hayo, ambalo ni sumu, mbali na njia yake, chembe nyingine huzioni kwa macho wala kuzisikia kwa meno. Mwaka 2008 kule North Dakota, Marekani, nyama ya paa iliyotolewa sadaka kwa maskini ilipigwa eksirei, ikakutwa na chembe za madini ya risasi, serikali ya jimbo ikasema itupwe. California wamekataza kabisa vichwa vya madini ya risasi kuwindia tangu 2019, wakianza na kuwanusuru kondori, ndege wakubwa kama tumbusi, waliokuwa wanakufa kwa kula mizoga. Sisi tuna tumbusi wetu wanaoshukia matumbo tukimaliza kuchuna, na tumbusi wa Afrika wamepungua vibaya bila kuongezewa sumu nyingine.

Kwa hiyo nikiona madini ya kawaida yametumika nakata mbali, kiganja kizima kuzunguka kila sehemu yenye damu iliyovilia, nazika, sipi mtu wala mbwa. Akina mama wananigombeza, wanasema huyu kijana anamwaga nyama. Nakubali kugombezwa. Na kwa kobu, kongoni, tohe, wanyama wote wa kawaida, natamani wateja wote walete shaba. Inatoboa pande zote mbili, na mimi kama traka napenda shimo mbili kuliko kitu chochote, la kutokea ndio linamwaga damu chini, na nyama ya bega inapona karibu yote.

Basi ukija huku, kabla hujanionyesha bunduki nifungulie boksi. Nataka kuona jina la kichwa na greni zake, sio jina la kampuni pekee, kampuni moja inatengeneza laini na ngumu na boksi zinafanana. Na ukileta za aina mbili, ya kufunguka na solidi, tukifika kambini piga zote kwenye karatasi, mita 50 na 100. Bunduki nyingi haziziweki mahali pamoja ata kama uzito ni ule ule, moja itakaa kati na nyingine vidole vitatu kushoto, afadhali tujue hapo kwa karatasi, na kama zinaachana sana tutachagua aina moja tuingie nayo porini.